Tarehe ya dawa tuilinde pamoja



Juu ya sida tumekwisha kusikia mengi: namna inavyoambukiza, namna ya kujikinga, faida ya kupima. Wiki hii tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linaangusha wengi. Ni siku ya kurudi kwenye santre ya afya kuchukua dawa tena, ile tarehe iliyoandikwa kwa bic kwenye fishi.

Katika nchi yetu dawa za kupunguza virusi, zile ARV, zinatolewa bila malipo. Mama hanunui. Lakini dawa kuwa bure si kusema itamfuata nyumbani. Nafasi yake katika programu inadumu kwa kurudi siku yake. Anayekosa mara moja anaweza kurudi kesho yake bila shida. Akikosa tena anaanza kuona haya. Akikosa mara ya tatu anaogopa kukaripiwa, na hapo haonekani tena. Kwenye rejista wanamwandika kwa Kifaransa «perdu de vue», maana yake aliyepotea machoni.

Wengi wa hao waliopotea machoni hawakukataa dawa. Walikosa franga za pikipiki. Walikuwa na mtoto mwenye homa. Siku ile ilikuwa ya soko, na bila soko watoto hawali. Au walikimbia vita. Hayo ni mambo ambayo vikundi vya wamama vinayajua na vinaweza kusaidia. Tena vinaweza kusaidia bila mtu yeyote kujua nani anakunywa dawa gani. Hilo ndilo tunalotaka kuwaonyesha leo, lakini kwanza tuelewe kazi yenyewe.

Dawa inafika kwetu namna gani

Dawa za ARV zinazogawiwa Kongo zinalipwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Dunia, ulioanza mwaka 2002, na programu ya Marekani iitwayo PEPFAR, iliyoanza mwaka 2003. Upande wa serikali, programu ya Wizara ya Afya inayoongoza matibabu ni PNLS. Dawa zinapita kwenye depo, zinafika kwenye zone ya afya, halafu kwenye santre. Santre inaagiza kwa kuhesabu watu walio kwenye rejista na dawa iliyotoka. Kwa hiyo mtu akikosa tarehe yake, hesabu ya santre nayo inapotoka. Kurudi kwako siku yako kunasaidia hata mwenzako akute chupa yake.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baada ya siku chache ruhusa ilitolewa kwa dawa za kuokoa maisha, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutembea: dawa zimekwisha, santre zimefungwa, msisumbuke kwenda. Mwisho wa mwezi uleule vita ikaingia Goma, na mwezi wa Februari ikafika Bukavu. Mtu aliyekuwa na dawa ya wiki moja nyumbani alijikuta hana barabara, hana habari ya kweli, na chupa inaisha.

Somo la siku zile ni hili: habari za barabarani zisituzuie kwenda. Siku yako ikifika, nenda ukaulize kwenye santre yenyewe. Ukikuta hakuna dawa, uliza watakuelekeza wapi, na usirudi nyumbani bila jibu.

Kwa nini siku chache ni nyingi

Dawa inayotolewa sasa kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Waganga wanakiita TLD. Chupa nyingine ina vidonge 30, nyingine ina 90. Kidonge hicho hakiui virusi vyote. Kinavifunga visizae. Ukiacha kunywa, vinaamka, na baada ya wiki chache vinajaa tena katika damu. Na mtu anayekunywa leo, anaacha kesho, halafu anaanza tena kesho kutwa, anavipa virusi nafasi ya kuzoea dawa. Vikizoea, kidonge kilekile hakitasaidia tena.

Ndiyo maana programu nyingi zinahesabu hivi: mtu akipitisha siku 28 baada ya tarehe yake bila kuonekana, amekatiza matibabu. Hiyo haimaanishi kwamba amefukuzwa. Hakuna siku ambayo mlango umefungwa. Hata aliyekosa mwaka mzima anaweza kurudi. Atapimwa na atapangiwa upya. Lakini mwili unakuwa umelipa. Tunawaomba wale wanaopokea watu kwenye santre wakumbuke jambo hili: neno la kwanza kwa mtu aliyerudi liwe «karibu». Kumkaripia mbele ya wengine ni kumfukuza mara ya pili.

Mambo ya kukamilisha siku ya randevu

Siku ya dawa si siku ya kupokea chupa tu na kukimbia. Ni siku ya kufanya upya habari zako zote. Tunaorodhesha, ili kila mmoja ajipime.

Moja, tarehe inayofuata. Kabla ya kutoka, hesabu vidonge na uhesabu siku. Vidonge 30 ni siku 30, si zaidi. Kama tarehe uliyopewa inapita siku ambayo chupa itaisha, sema palepale wasahihishe.

Mbili, simu na mahali unapokaa. Wengi wameandikwa na namba ya simu iliyokwisha kufa tangu zamani. Ukibadili namba au kartie, sema. Eleza pia namna unavyotaka kuitwa: nani akipokea simu wasiseme neno, na kama hutaki mtu wa santre afike nyumbani, uandikishe hivyo.

Tatu, kipimo cha wingi wa virusi, kile wanachokiita sharje virale. Kwa kawaida kinafanywa miezi 6 baada ya kuanza dawa, tena kwa miezi 12, halafu kila mwaka. Uliza: yangu ilikuwa lini, na jibu liko wapi? Damu ikichukuliwa na jibu lisipofika, kipimo hakijakusaidia. Mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hata kipimo hakivioni hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Ni habari ya furaha ambayo wengi bado hawajaambiwa.

Nne, mambo mapya katika mwili wako. Una mimba? Sema. Umepewa vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu? Sema, kwa sababu vinaweza kuzuia dolutegravir isifanye kazi vizuri, na mganga atakupangia saa za kunywa kila kimoja. Umeanza dawa za kifua kikuu? Sema bila kuchelewa, kwa sababu kipimo cha dolutegravir kinapaswa kuongezwa.

Tano, kama umetulia katika matibabu, omba dawa ya muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa namna hiyo apewe dawa ya miezi 3 mpaka 6 kwa mara moja, na kwetu pia utaratibu huo upo. Kutoka safari 12 kwa mwaka unabaki na 4, au hata 2. Fikirieni wenyewe hiyo ni franga ngapi za pikipiki na siku ngapi za soko. Kama bado wanakupa ya mwezi mmoja, uliza kwa heshima: «Infirmiye, mimi ninakosa nini ili nipewe ya miezi mitatu?» Mara nyingine kinachokosekana ni jibu la sharje virale tu.

Tena uliza kama katika zone yenu kuna kituo cha kugawa dawa katika jamii. Mwaka 2010, kule Kinshasa, shirika la Médecins Sans Frontières pamoja na mtandao wa vyama vya watu wanaoishi na VIH walianzisha vituo vya namna hiyo, vinavyoitwa PODI. Wanaogawa dawa pale ni watu wanaoishi na virusi wenyewe, waliofundishwa kazi hiyo. Mtu mwenye afya nzuri anapitia pale upesi bila foleni ya hospitali.

Na juu ya malipo: vidonge vya ARV vyenyewe haviuzwi. Mtu akikuomba franga kwa ajili ya vidonge, uliza ni za nini na uombe risiti. Usiporidhika, peleka neno kwenye ofisi ya zone ya afya, au kwa chama cha watu wanaoishi na VIH kilicho karibu nawe. Vyama vingi viko chini ya umoja wao wa kitaifa, UCOP+.

Ukihama, ukisafiri, ukikimbia

Mtu anayehama kwa utulivu aombe barua ya kuhamishwa kabla ya kuondoka. Ndani yake mna namba yake, dawa anayokunywa, tarehe aliyoanza na kipimo cha mwisho. Aombe pia dawa za kumtosha mpaka azoee mahali papya.

Lakini vita haingoji barua. Kwa hiyo, mama, usingoje milio ya risasi ndipo utafute fishi. Iweke mahali pamoja na karte ya uchaguzi na karatasi za kuzaliwa za watoto. Kama una simu yenye kamera, piga picha ya fishi na ya lebo ya chupa. Ukikimbia, beba chupa hata kama imebaki na vidonge vitano, kwa maana jina la dawa limeandikwa pale.

Ukifika ugenini bila karatasi yoyote, nenda hivyohivyo. Tafuta santre ya karibu, omba kuzungumza na mganga mahali pa siri, mwambie: «Mimi nakunywa TLD, nilikuwa nachukua mahali fulani, imebaki ya siku fulani.» Maneno hayo yanatosha kuanza. Hata wale wanaovuka mpaka kuingia Burundi, Rwanda, Uganda au Tanzania, dawa hizi zipo huko pia, na wakimbizi wanazipata. Kosa kubwa ni kunyamaza ukisema utaanza tena ukirudi nyumbani.

Jambo moja tunalokataza kabisa ni kugawana vidonge. Tunajua moyo wa mama. Akiona mwenzake amekosa, anataka kukata chupa yake nusu. Lakini hapo wawili watakatiza badala ya mmoja. Tena kunywa siku moja na kuruka siku moja ili chupa idumu hakufai. Ukisahau kidonge, kinywe mara unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya kidonge kinachofuata imekwisha kukaribia. Usinywe viwili pamoja ili kulipa kile ulichoacha.

Mama na mtoto wake

Kwa mwenye mimba tarehe hizi zina uzito mara mbili. Bila matibabu, katika watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi, kati ya 15 na 45 wanaambukizwa. Mama akinywa dawa vizuri tangu mimba mpaka mwisho wa kunyonyesha, wanashuka chini ya 5.

Mtoto naye ana tarehe zake. Akizaliwa anapewa sirop ya nevirapine, kwa kawaida mpaka wiki 6. Wengine wanaongezewa mpaka wiki 12. Kwenye wiki 6 anapimwa damu, na jibu linafuatwa. Anapimwa tena kwenye miezi 9. Kipimo cha mwisho ni kwenye miezi 18, au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya ikiwa aliendelea kupita hapo. Wamama wengi wanafika mpaka kipimo cha kwanza, wanafurahi, halafu hawarudi. Lakini mtoto anayenyonya bado yuko safarini. Mama aendelee kunywa dawa yake, ampe maziwa yake tu kwa miezi 6 ya kwanza, na amfikishe mtoto mpaka kipimo cha mwisho.

Na mtoto ambaye yeye mwenyewe anakunywa dawa lazima apimwe kilo kila mara, kwa sababu kipimo cha dawa yake kinakwenda na uzito. Kumtuma mtu mzima peke yake achukue dawa kila mwezi, na mtoto mwenyewe asionekane kwa mwaka mzima, ni kumwacha na dawa ya mtoto mdogo kuliko alivyo sasa.

Hapa sisi walimu tuna neno letu. Tunaona watoto wanaokosa shule siku moja kila mwezi, na tunajua wengine wanakwenda hospitali. Mzazi hana deni la kutuambia jina la ugonjwa. Kikaratasi kinachosema «alikuwa kwenye santre ya afya» kinatosha, na mwalimu asiulize zaidi mbele ya darasa. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na VIH na za jamaa zao. Wazazi wanaweza pia kuomba santre iweke randevu za mtoto wakati wa likizo au siku isiyo ya masomo. Dawa ya miezi 3 inaweza kwenda vizuri na kalendari ya shule.

Maswali mnayotuletea

«Nikijisikia mzima, niende bado?» Ndiyo. Unajisikia mzima kwa sababu dawa inafanya kazi. Paa lisilovuja halibomolewi wakati mvua inanyesha.

«Wameniombea, wameniambia niache dawa.» Sisi pia tunasali. Lakini kuomba na kunywa dawa havigombani. Anayesema amepona aende kupima sharje virale huku akiendelea kunywa. Na hata kipimo kisipoona kitu, maana yake dawa imevifunga virusi. Si ruhusa ya kuacha. Tunawaomba wachungaji, mapadri na viongozi wa vikundi vya sala wasimwambie mtu yeyote atupe chupa yake.

«Mume wangu hajui, nitaficha wapi?» Hakuna anayepaswa kukulazimisha kusema kabla hujawa tayari, hasa kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa. Zungumza na mshauri wa santre au na mama mentor, yule mama aliyepitia njia hiyohiyo. Watakusaidia kutafuta wakati na namna. Kwa sasa, ukihamisha vidonge, hamisha vya siku chache tu, uviweke pakavu. Vingine vibaki katika chupa yake, na kile kifuko kidogo cha kukausha kilichomo usikitupe.

Kazi ya kikundi: sanduku la safari ya afya

Sasa tunafika kwenu, wamama wa likelemba na wa vikundi vya akiba. Hatuwaombi mjue nani mgonjwa. Tunawaomba msijue, lakini msaidie.

Anzisheni sanduku dogo kando ya akiba, mliite sanduku la safari ya afya. Tuseme mko 20 na kila mmoja anaweka franga 500 kwa wiki. Kwa wiki nne ni franga 40 000. Mama yeyote mwenye siku ya santre anapewa nauli ya kwenda na kurudi. Awe anapeleka mtoto kwenye chanjo, anapima mimba, anapima presha au sukari, anachukua dawa yoyote, utaratibu ni uleule. Katika kaye ya mweka hazina panaandikwa maneno matatu tu: «safari ya afya». Pasiandikwe mahali anapokwenda, wala kinachompeleka.

Halafu kila mwanachama achague siku yake ya afya, hata aliye mzima kabisa. Kwenye kalendari ya kikundi kila mmoja anakuwa na alama yake. Kwa kuwa wote wana alama, alama haisemi kitu. Siku hiyo wenzake wawili wanamwangalia meza yake sokoni na watoto wake, na jioni wanamuuliza swali moja tu: «Ulifika salama?» Asipoonekana wiki mbili, wanapita kwake kumsalimia kama wanavyomsalimia mtu yeyote.

Sheria ya sanduku iwe hii: haliulizi, halikopeshi, halidai. Atakayeanza kutafuta habari za wenzake, au kutembeza maneno, atoke katika kamati.

Mkikutana wiki hii, chukueni dakika kumi mzungumze juu ya sanduku hili. Mpange kiasi kulingana na bei ya pikipiki kwenu, mchague mweka hazina anayejua kunyamaza, na mwanze hata na franga kidogo. Na wewe mama unayesoma peke yako ukijua tarehe yako imekwisha kupita, usihesabu siku ulizokosa. Toka kesho asubuhi, beba fishi yako, nenda. Nafasi yako bado ipo.